Ndoo Nane, Kijiko Kimoja

Jumatatu, 10 Januari 2022

Ujumbe wa sauti kutoka kwa Emelyne, mteja wangu wa asali wa Bujumbura. Dakika mbili nzima, na nusu yake ni samahani. Alipofika Kigoma akapimwa ili avuke mpaka — ana Uviko! Anasikia mafua tu, anasema, ila ameambiwa awajulishe wote aliokaa nao karibu siku za mwisho. Wa kwanza kwenye orodha yake ni mimi.

Alhamisi iliyopita alikuwa hapa barazani kwangu. Tumekaa goti kwa goti, tunaonja asali. Nimeketi kwenye kigoda nikakumbuka vizuri. Ndoo nane. Kijiko kimoja!

Tena kosa ni langu. Mama alinifundisha kwamba muuza asali anaonja kwanza yeye, halafu mgeni, kwa kijiko kilekile, ili mgeni aone hakuna sumu wala sukari guru. Ndivyo ninavyouza miaka yote. Emelyne alitoa kijiko chake mkobani, cha plastiki, kimefungwa vizuri kwenye karatasi. Nikamwambia sisi hapa Mpanda hatunyanyapai watu. Nikakirudisha mkobani kwa mkono wangu mwenyewe!

Tulipofika ndoo ya tano akavuka barabara Kassiani, fundi cherehani, tepu shingoni. Akaninyang'anya kijiko, akachota, akalamba, akamwambia mgeni asali ya Mnyamwezi haifai, akanunue ya Wafipa. Emelyne alitoa macho. Nikamweleza huyu ni mtani wangu, akitaka hata kanga niliyovaa ataichukua na sina pa kumshtaki. Tukacheka sana siku ile.

Leo sicheki. Homa sina. Kikohozi sina. Lakini Jumamosi anakuja Bushra.

Mwanangu wa pekee. Miaka sita ya ndoa kule Mamba, miaka sita watu wananiuliza kwa upole ule wa kuudhi, vipi, bado? Sasa ana mimba ya miezi tisa. Mtoto wa kwanza anazaliwa kwa mama, mimi nimkande kwa maji ya moto, mimi nimpikie uji. Na mimi ndiye wa kupokea mtoto mlangoni. Kwetu hakuna mwingine anayemvusha kizingiti ila bibi mzaa mama.

Ee Mungu, kijiko kile!


Jumanne, 11 Januari

Hospitali. Nesi Marsela kanichomeka kijiti puani mpaka nikaona nyota mchana kweupe. Nilimuuliza kama anatafuta ubongo. Akasema ubongo angeupata ningetumia vijiko viwili. Nimempenda.

Sampuli inakwenda Dar, majibu yatakuja kwenye simu. Siku ngapi? Inategemea. Nijitenge mpaka tarehe ishirini, siku kumi na nne tangu Alhamisi ile. Nilichanja mwezi wa kumi, anasema hiyo itanisaidia nisiugue sana, lakini mwenye mimba nisimsogelee. Barakoa, kunawa, dirisha wazi.

Akaniuliza nimekuwa karibu na nani. Wifi yangu Zakia, ninayeishi naye, alikuwa Kakese wiki nzima kwenye mpunga, karudi leo — salama. Nikataja muuza mkaa na yule mama wa maandazi. Wote nimewataja, sikusahau mtu.

Nimehamia stoo ya asali nyuma ya nyumba. Godoro langu liko katikati ya ndoo. Zakia ananiwekea chakula kwenye kibaraza, anagonga sufuria kwa mwiko, anakimbia. Mwanamke wa miaka hamsini na nane, anakimbia kama kuku!


Jumatano, 12 Januari

Mapinduzi. Ofisi zimefungwa, kwa hiyo majibu leo hakuna. Hofu yangu ndiyo haina sikukuu.

Saa mbili asubuhi nakunywa chai juu ya ndoo, nasikia kilio nje ya uzio. Kassiani! Kajifunga kanga ya mkewe kichwani, analia kwa sauti, barabara nzima inasikia. Mnyamwezi mpagazi amekwisha jamani! Kabeba mizigo tangu enzi za Waarabu, mwisho wake kabeba Uviko! Anataka aonyeshwe mapema redio yangu na sufuria kubwa ya ubwabwa, maana mrithi ni yeye.

Nikamjibu dirishani kwamba Mfipa hana haja ya kusubiri ugonjwa, anitumie radi ya kichawi tu tumalize. Akasema radi siku hizi zimepanda bei, ananusurika mtu kwa umaskini wake. Zakia alikaa chini kwa kucheka, mwiko mkononi.

Nafsi yangu ikatulia kidogo. Alipofariki mume wangu, Kassiani huyuhuyu alijilaza kaburini akagoma kutoka mpaka apewe jogoo. Mjane wa siku moja, nikacheka. Sijalisahau hilo. Mtani wangu akinizika nikiwa hai, najua bado nipo.

Mchana nikapiga simu Mamba. Nilitaka kumdanganya Bushra kwamba choo kimebomoka, asije kwanza. Nikashindwa. Nikamwambia yote. Akasema, mama, sasa nikajifungulie kwa nani? Kama ni dirishani, utanisimamia dirishani. Tabia hii kaitoa wapi? (Najua kaitoa wapi.)


Alhamisi, 13 Januari

Sisimizi. Wamegundua mtu analala na asali.

Majibu bado.

Wanasema ugonjwa huu unaua pua. Pua yangu ndiyo kazi yangu! Mimi nikinusa ndoo najua imetoka Ugalla au Inyonga, najua nyuki walikula ua gani. Kwa hiyo nimejiwekea kipimo changu: kila asubuhi nafungua ndoo moja, nafumba macho, nanusa. Leo ya maua ya mkulungu. Safi kabisa! Nimenusa na ndala zangu kwa uhakika zaidi. Nazo nimezisikia vizuri, tena kupita kiasi.

Zakia kaleta sufuria ya majani ya mchaichai, mlimao na mengine asiyotaka kuyataja. Nikajifukiza chini ya blanketi mpaka nikatoka mwekundu. Nesi Marsela kwenye simu anasema haiui kirusi, ila kama inanipa raha, niangalie tu nisijibabue. Imenipa raha.


Ijumaa, 14 Januari

Leo nimekufa nikafufuka.

Asubuhi nafungua ndoo ya Dionizi wa Ugalla, ambayo siku ile na Emelyne hatukuionja. Mzee wangu wa siku nyingi, asali yake tamu, ila inanuka moshi kama nyama ya kukaushwa. Anarina kwa mwenge wa magome, anafukiza mzinga mpaka nyuki wanakohoa. Mwaka juzi nilimpa bomba la moshi, lile la kisasa, nikamwambia kidogo tu inatosha. Akalitundika ukutani kama picha ya harusi.

Basi nafumba macho, nanusa. Hakuna moshi.

Nanusa tena. Hakuna! Nimeingiza kichwa kizima ndani ya ndoo. Moshi wa Dionizi ambao mtu anausikia akiwa Kakese, mimi siusikii! Nikaketi chini nikaanza kulia kweli, si mchezo. Nikamwona akilini Bushra anashuka kwenye gari, anarudishwa Mamba. Nikaona mjukuu anapokelewa na Zakia, ambaye mikono yake hata maandazi yanaiogopa.

Sijui nani alinipa akili ya kupiga simu. Dionizi kapokea kwa furaha. Nikamuuliza hii ndoo uliyoniletea mwezi wa kumi na mbili umeifanyaje? Akacheka. Mama, si ulisema? Nimetumia bomba lako! Kidogo tu, kama ulivyonielekeza. Umeona ilivyo safi?

Miaka saba nimemgombeza mzee wa watu kuhusu moshi. Siku aliyonisikiliza nusura aniue!

Nimelia na kucheka kwa pamoja mpaka Zakia akaja na barakoa mbili usoni kuuliza kama nimechanganyikiwa. Halafu nikanusa dagaa wake wa mchana. Alhamdulillahi, wananuka.


Jumamosi, 15 Januari

Amekuja!

Gari la Mamba lilinasa kwenye tope mara mbili, abiria wakasukuma, yeye kaachwa kwenye kiti na tumbo lake kama mkubwa wa wilaya. Kashuka saa tisa. Nilikuwa nimesimama dirishani tangu saa sita.

Kanona. Uso umejaa, miguu imevimba kidogo, kanga haifungi. Kanyoosha mkono kuelekea waya wa dirisha langu, nikarudi nyuma mpaka nikagonga ndoo. Mama, umekonda, anasema. Nikamwambia nimekonda wapi, nalala na asali. Tukatazamana tu. Hatua kumi kutoka kwake kwangu, nimezihesabu. Ningeweza kuzimaliza kwa pumzi moja.

Zakia kaleta kiti, Bushra akakaa kivulini upande wa pili, tukaongea mpaka jua likapungua. Mkwe wangu Naseeb kabaki Mamba na mpunga, atakuja akiitwa. Akanionyesha nguo za mtoto alizoletewa muda uleule na Kassiani, kumi na mbili, kazishona mwenyewe. Mishono midogo midogo. Ya njano ndiyo nzuri zaidi. Kassiani kamwambia ni za mjukuu wake, si za Mnyamwezi, asije akambebesha mtoto magunia akiwa bado na kitovu.

Pua nzima. Homa hakuna. Siku tano bado.


Jumapili, 16 Januari

Kuna jambo baya.

Asubuhi nasubiri msiba wangu wa kila siku. Saa mbili, hakuna. Saa tatu, hakuna. Nikasema kaenda misa. Saa tano namwona Kassiani anakuja polepole mpaka kwenye uzio, kajifunika koti na jua lote hili. Kasimama mbali. Akasema:

"Shikamoo, mama Bushra."

Nimeshika ukuta. Miaka kumi na tisa mtu huyu hajawahi kuniamkia! Hata siku ya msiba hakuniamkia! Nikamchokoza: Mfipa, ungo umekuangusha wapi? Akasema anatumaini naendelea vizuri, akageuka, akaenda.

Nikajua. Majibu yangu yametoka. Wameanza kumwambia yeye ili aniambie. Nikamtuma Zakia amfuate mbiombio.

Zakia karudi na jambo jingine. Kassiani anatetemeka tangu jana jioni, meno yanagongana, kichwa kinapasuka. Anaogopa. Na anaona aibu kusema, maana na yeye alikilamba kile kijiko.

Kijiko! Ndoo ya tano! Nimeandika hapa mwenyewe Jumatatu, kwa kalamu hii, halafu Jumanne nikamwambia nesi sikusahau mtu! Nilimtaja muuza mkaa niliyempa salamu tu barabarani. Kassiani nimemsahau, kwa sababu mtani humuoni kama mtu aliyekutembelea, yupo tu kama mlango. Siku nne analia uzioni kwangu kunichekesha, akirudi anakaa na hofu yake peke yake kwenye cherehani. Anashona nguo za mjukuu wangu.

Nguo za mtoto!

Nimempigia nesi Marsela. Nimeungama yote. Hakunigombeza, na hilo limeniumiza zaidi. Anasema Kassiani aende sasa hivi, na nguo zifuliwe kwa sabuni na kupigwa pasi, inatosha.

Nimemwomba Mungu kwa ajili ya Mfipa. Sikudhani nitaandika sentensi hii.


Jumatatu, 17 Januari

MALARIA! Plasi mbili kwenye damu ya Kassiani!

Sijawahi kuona watu wanafurahia malaria hivi. Mke wake kapiga vigelegele barabarani, Zakia kajibu kutoka jikoni, mwenye duka la simu katoka nje kuuliza harusi ya nani. Sampuli ya pua nayo wamechukua, na yeye ajitenge mpaka ishirini kama mimi. Lakini homa imeshapata mwenyewe! Kapewa dawa za mseto, kapelekwa kulala.

Jioni nasikia kikohozi cha makusudi ng'ambo ya barabara. Halafu sauti, dhaifu lakini ile ile:

"Mnyamwezi! Nilikufa jana, mbinguni nikakuta foleni inakusubiri na gunia lako!"

Nimefungua dirisha lote nikamtukana vizuri, yeye na ukoo wake na radi zao. Bushra kashika tumbo kwa kucheka, akasema tumwache asije akajifungulia hapo uani. Nimejisikia mzima kabisa.

Majibu yangu? Bado.


Jumanne, 18 Januari

Mvua kutwa. Nguo kumi na mbili zimefuliwa, hazikauki. Zakia anazipiga pasi ya mkaa moja moja, analaani kijiko, analaani Bujumbura, ananilaani mimi. Ya njano kaibabua kidogo begani. Anasema haionekani. Inaonekana.

Emelyne kaandika. Kapona, keshapimwa tena, hana kitu. Anauliza kama nina kinyongo. Nikamwambia arudi mwezi wa tano na aje na vijiko vyake vyote.


Jumatano, 19 Januari

Saa nne asubuhi Bushra anatembea uani, mkono kiunoni, anasimama, anatembea. Nikajua kabla hajasema. Nikamwambia kupitia waya, pumua, mama, pumua, usishindane nayo. Akaniuliza inauma hivi mpaka lini? Nikadanganya.

Bajaji imekuja. Zakia kapanda naye, kabeba ndoo, beseni, kanga nne, nguo kumi na mbili. Ilipowashwa Bushra kageuka akanitazama. Hakuita. Alikaza tu midomo, kama alipokuwa mdogo, siku ya kwanza ya shule. Nilishika kitasa cha mlango. Nikakiachia.

Nimeswali. Nimefagia stoo mara tatu. Nimepanga ndoo kwa ukubwa, halafu kwa kijiji, halafu kwa ukubwa tena.

Kassiani anapaza sauti toka kwake kila nusu saa: bado? Bado! Mnyamwezi anazaa polepole, kazoea safari ndefu!

Saa kumi na mbili na dakika ishirini. Zakia kapiga. MTOTO WA KIKE. Kilo tatu na robo. Bushra mzima, kanywa chai, anaomba wali.

Nimekaa chini kati ya ndoo zangu nikalia kama mtoto mwenyewe. Halafu nikapiga kelele dirishani mpaka Mfipa akatoka na shuka.


Alhamisi, 20 Januari

Siku ya kumi na nne!

Wanakuja leo mchana. Nesi Marsela kanipigia asubuhi. Anasema majibu yameshatoka Dar, ujumbe utaingia kwenye simu yangu kabla ya adhuhuri. Siku zangu zimetimia, ninavyomweleza nipo salama, ila nisome kwanza ndipo nimguse mtoto. Kisha akacheka, akasema na asali nisimpe, mpaka afikishe mwaka mzima. Bibi muuza asali! Nimeapa.

Nimeoga. Nimevaa gauni la kijani na kanga mpya, barakoa safi. Nimenawa mpaka kwenye viwiko. Halafu, kwa wasiwasi, nikasema nipime pua mara ya mwisho. Nikafungua ya Dionizi, na nikaona bora nionje kabisa. Kwa kidole. Vijiko siviamini tena.

Tamu. Haina moshi hata chembe. Ua la mti wa mtundu, naapa.

Saa sita kasoro. Naandika ili mikono itulie.

Bajaji! Ndiyo ile, naijua kwa mlio. Imesimama langoni. Zakia anashuka na beseni. Bushra hashuki. Zakia anamwambia ashuke, jua kali. Nasikia mwanangu anasema hapana, hashuki mpaka mama yake aje ampokee mtoto, kama ni leo ni leo, kama ni kesho atalala humohumo kwenye bajaji. Dereva anasema samahani dada, mimi nina abiria mwingine.

Namwona mtoto: kitambaa cheupe ndani ya kanga. Na kitu cha njano kinachungulia.

Simu imelia.

Ni wao. Naona mwanzo tu: "Ndugu Mwanahija, majibu ya kipimo chako..." Mengine mpaka nifungue. Nabonyeza, haifunguki. Kidole kina asali! Nimefuta kwenye kanga mpya, haifunguki. Kidole kingine, nacho kinanata. Hata karatasi hii inanata.

Kassiani yuko ng'ambo kwenye kizingiti chake, mikono mdomoni, mtaa mzima unamsikia:

"Mnyamwezi wee! Mzigo wako umefika! Kilo tatu na robo! Unabeba, au Mfipa abebe?"

Maji yako wapi? Ninawe, nisome, nikampokee.